Ngamia wa Kitovu

"Hilo sisemi," alisema Mzee Bulhan, na kamera ikazimwa tena.

Idil, mwenye filamu yake, alikaa chini mchangani akajishika kichwa. Dada huyu alikuwa ametoka Hargeisa na vijana wawili, kamera moja na kichwa kigumu, kuja kutengeneza filamu fupi ya mvulana anayeingia utu uzima. Wazee wa kijiji walimwambia mambo ya picha hawayataki. Akawasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, kisha akafungua sanduku la kamera pale pale mbele yao.

Mvulana mwenyewe alikuwa Geedi, mtoto wa Bulhan, mwenye miaka kumi na mitano na mdomo usiolala. Katika filamu, mvulana anamdai baba yake ngamia wake wa kitovu, yule jike anayetengewa mtoto wa kiume siku kitovu chake kinapofungwa, na uzao wake wote huwa mali ya mtoto. Baba anakiri kwamba alimuuza wakati wa ukame. Mvulana analia, anamnyang'anya baba fimbo na kuondoka.

Geedi naye alikuwa na ngamia wake, Deero, mwenye shingo nyembamba kama ya swala, na kengele ya mti ambayo Geedi alimchongea kwa mkono wake. Tangu ukame Deero alikuwa mbali, kwenye malisho ya Haud, katika kundi la baba mdogo Samatar. Bila shaka alikwisha kuzaa. Geedi aliwachosha watu wa kamera kwa sifa zake: akikamuliwa povu linafurika chombo, na mwakani yeye Geedi atakuwa na kundi lake na hakuna atakayemtuma tena dukani. Kila alipoomba waende kumwona, baba yake alikuwa na sababu. Njia imeharibika, gari hakuna, mvua inakuja. Safari hii mzee aliahidi mbele ya mama yake Geedi: filamu ikiisha, wanakwenda.

Hapo mwanzo, baba wa kwenye filamu alikuwa aigizwe na muuza chai. Wazee wakamsema, akashikwa na homa ya ghafla. Hakuna mwanamume mwingine aliyekubali. Idil alikuwa keshaanza kufunga mizigo Mzee Bulhan alipokuja, yeye aliyekuwa mkali kuliko wote, akaomba asomewe hadithi nzima. Akaomba ukurasa wa kuuzwa ngamia usomwe tena. Kisha akasema atasimama yeye, na mwenye la kusema aje aliseme usoni pake. Kijiji kizima kikaufyata. Geedi hakuwahi kujivunia baba yake kama siku ile.

Na sasa baba huyo huyo alikuwa amegoma.

"Mzee wangu, ni neno moja tu," Idil alimbembeleza. "Nilimuuza. Basi. Ni mchezo."

"Mchezo wa kwenu huko Hargeisa. Mwanamume hauzi ngamia wa kitovu wa mwanawe. Andika kwamba alipotea. Andika aliliwa na fisi."

Mpiga picha alicheka, akauliza ni fisi gani huyo wa kumaliza ngamia mzima. Mzee akamtupia jicho, kicheko kikakauka.

Geedi naye hakuwa na nafuu. Sehemu ya kulia aliikataa katakata. Alimwambia Idil kwamba atafoka, atachukua fimbo, atatembea mpaka atakapoambiwa, lakini machozi asahau. Mtu mwenye Deero wake hawezi kumlilia ngamia wa karatasi. Idil akamuuliza Mungu amemkosea nini hata apewe watu wawili wenye kichwa kimoja.

Jua lilikuwa linashuka, na lori la kuwarudisha mjini lilikuwa linaondoka alfajiri. Idil akasimama, akakung'uta mchanga, akasema bila kupandisha sauti kwamba pasipo neno lile hakuna filamu, na wale wazee watacheka mpaka wachoke.

Hilo lilimchoma Geedi. Akamsogelea baba yake.

"Baba, sema tu. Mimi najua si kweli. Tumalize, tukamwone Deero."

Mzee alichukua fimbo yake, akarudi mahali pake. Kisha akamwambia Idil awashe mtambo wake.

Geedi alisimama mahali pake, kidevu juu, akayatoa maneno yake kama yalivyoandikwa. Yeye si mtoto tena. Apewe ngamia wake.

"Nilimuuza," alisema Mzee Bulhan.

Idil alikunja ngumi kwa furaha. Akainua mkono kumpa Geedi ishara, lakini mzee hakuwa amemaliza.

"Nilimpeleka mnadani Burao mwenyewe, wewe umelala. Nikamvua kengele yako njiani, maana kila ilipolia nilikuwa nageuka nyuma."

Geedi hakulia. Alinyoosha mkono akaishika fimbo, na mzee akaiachia bila kuvutana. Akapita mbele ya kamera, akapita ua wa mwisho wa miiba, akaingia njia ya Burao.

"Kata!" Idil alipaza sauti, machozi ya furaha yakimtoka. "Tumeipata, Geedi! Inatosha, rudi!"

Geedi hakugeuka nyuma.