Zaburi ya Adhuhuri

Jiwe la kwanza lilimpata Ouma mdomoni, na meno mawili yakadondoka vumbini kabla hajamaliza kujitetea.

"Endelea kudanganya," alisema Vincent akiokota la pili. "Meno bado unayo."

"Nyasaye wangu, Mungu wangu! Mimi naambiwa boma la usiku giza likishaingia, tukianza kuswaga ng'ombe. Simu sina. Wezi ningewaambia kwa mdomo gani?"

"Kwa huohuo unaovuja damu," mtu akamjibu, na watu wakacheka kicheko kibaya.

Steven alisimama pembeni, panga mkononi, midomo ikichezacheza kwa sala. Mbele yake mwili wa kijana wa mzee Kisyeri ulikuwa umelazwa chini, na blanketi walilomfunika lilikuwa limeinuka katikati, kwa mshale wa wezi, ambao hakuna aliyethubutu kuuchomoa.

Hii ilikuwa mara ya tatu mfululizo wezi kwenda moja kwa moja kwenye boma lenye ng'ombe. Walikuwa wamekitesa kijiji cha Nyansurura tangu mvua zikatike, mpaka Steven alipoleta mpango: ng'ombe wote walale pamoja katika boma moja kati ya maboma manane yaliyotawanyika vilimani, na boma lichaguliwe kwa kura kila siku. La kwanza lilikuwa la Kisyeri, la mwisho, la nane, lilikuwa la Ghati, mama yake Steven, mjane aliyeishi peke yake juu kabisa. Mwizi akikosea, atakuta boma tupu, mbwa watabweka, na vijana watamzunguka kwa mishale.

Akili hiyo aliitoa mjini Mugumu, kwenye darasa la jioni la mwalimu Elieth. Huko yeye, baba wa watoto watano aliyeishia darasa la saba, alikaa benchi moja na vijana kujifunza fizikia ya kwanta. Elieth aliwaeleza habari za chembe, kila moja kama mshale unaoweza kuelekea juu na chini kwa wakati mmoja, na zote zikivutana na jirani zao.

"Chembe mia tu zina mipangilio ambayo kompyuta zote za dunia haziwezi kuimaliza," aliwaambia. "Kwa hiyo hatuhesabu yote. Tunapiga kura, tunaonja michache, tena na tena, na hiyo michache inatuonyesha hali ya yote."

Steven alilipenda somo hilo kama alivyolipenda kanisa. Katika kila kura aliuona mkono wa Mungu. Programu ya mwalimu, ambayo darasa zima walikuwa wameinakili, ilidai namba ya kuanzia kabla haijapiga kura, naye hakutaka kuipa namba ya ovyo. Aliipa namba ya zaburi ya siku. Zaburi yenyewe aliichagua Vincent, mwenzake wa benchi na wa maombi, aliyejua itaandikwa wapi, akamtumia kwa simu kila adhuhuri: "Kaka, leo ni ya 27. Tusimame imara." Steven aliisoma akiwa amepiga magoti, akaiandika kwenye kompyuta yake kuukuu, na namba ya boma ikatoka. Namba hiyo ya boma hakumwambia mtu ila Ouma, mchunga ng'ombe.

Mzee Kisyeri aliinua macho kutoka kwenye blanketi. "Steven, mura, kijana wangu, wewe ndiye umesoma. Yawezekana walibahatisha tu?"

Steven alipiga hesabu kichwani, akairudia. Alimtazama Ouma, aliyewahi kumbebea mwanawe mwenye homa mgongoni hadi Mugumu, mvua ikinyesha.

"Mara tatu mfululizo, mzee? Hiyo ni nafasi moja kati ya mia tano na kumi na mbili. Kura haivuji yenyewe. Kuna mtu amewaambia."

Hakutaja jina. Hakuna aliyemuuliza.

"Basi niombee, kaka Steven," alisema Ouma.

Vijana wakamwangukia kwa rungu na mapanga. Steven alifumba macho, akasali kwa sauti ili asisikie. Aliposema amina, kilichobaki kilikuwa pumzi za watu waliochoka kupiga. Vincent alikuwa anafuta panga lake kwenye majani.

"Imekwisha, kaka," alisema. "Sasa Bwana atatupa usingizi."

Na kweli walilala. Wiki zikapita bila wezi, zaburi zikaendelea kuja, na Nyansurura wakasema damu ile ilikuwa ya haki.

Kisha jioni moja Elieth aliingia darasani akitabasamu. "Leo wote mtaandika namba ileile ya kuanzia. Nipeni namba."

"Tisini na moja, kama zaburi!" Steven alisema.

"Mzee wa kanisa huyo!" wenzake wakacheka, wakaiandika.

Mishale ikaanza kupinduka kwenye skrini, juu, chini, juu, kisha ikatulia. Kicheko kikafa. Kila skrini ilikuwa na picha ileile, mshale kwa mshale.

"Mmeona?" alisema Elieth. "Kompyuta haina bahati, inaigiza tu. Mtu mwenye programu hii, akiijua namba yako ya kuanzia, anaipata kura yako nzima. Awe hapa, awe Sirari mpakani. Hata kabla yako."

Steven aliiacha kompyuta yake. Alinyoosha mkono pembeni, amshike mwenzake wa benchi.

Nafasi ya Vincent ilikuwa tupu, na zaburi aliyoituma adhuhuri ile ilikuwa imetoa boma la nane, la mama yake Steven.