Uji wa Mazoezi

Enzi wanyama walipokuwa na ligi yao, timu ya Bondeni ilibakiza mechi moja. Ikishinda, inaingia mtoano. Ikishindwa, msimu umekwisha. Kwa desturi yao, mashabiki ndio waliomchagua kiungo mchezeshaji wa timu, na walipaswa kukubaliana kabla refa Korongo hajapuliza filimbi. Wasipokubaliana, timu haichezi.

Kima alimtaka Swala. "Ana mbio."

"Mbio za kuukimbia mpira," alisema Kunguru, aliyemtaka Ngiri. "Ngiri akisimama, nani atampita?"

"Kila mtu, kaka. Mpaka ageuke, mechi imekwisha."

Walibishana hivyo mpaka Korongo akaitia filimbi mdomoni. Hapo Mama Nungunungu, mpishi wa timu, akajipenyeza katikati yao.

"Miezi mitatu nawapikia uji wanaokuja mazoezini alfajiri," alisema. "Swala amekunywa mara mbili. Ngiri hajawahi kuuonja. Kanga hajakosa hata siku moja. Refa, andika Kanga."

Kima alicheka. "Kanga, mama? Huyo si kitoweo?"

Miiba ya Mama Nungunungu ikasimama. "Andika Kanga."

Hakuna aliyepinga. Kanga aligawa pasi mpaka wageni wakachoka kumfuata, na Bondeni ikashinda bao moja kwa bila.

"Mimi nilisema tangu mwanzo, Kanga ndiye," Kima aliwatangazia wote.

Mtoano ulikuwa wiki mbili mbele, na kuni za kupikia zilikuwa zimekwisha. Mama Nungunungu akampa Kima shoka.