Kidole Kilichopinda

Shomvi, mpiga eksirei wa chumba cha upasuaji, hakuwa na mzaha katika jambo moja: mtu asiingize mkono kwenye mionzi. Mkewe, nesi Mwanaidi, aliimbiwa wimbo huo hata nyumbani.

"Piga," akasema Daktari Lukindo, akiwa amempa kisogo.

Nyuma ya kizuizi chake cha madini ya risasi, Shomvi akakanyaga pedali ya eksirei. Kwenye skrini likatokea paja la mgonjwa lililovunjika, na juu yake mifupa ya mikono miwili imelaliana. Mmoja ulikuwa mpana. Wa pili ulikuwa na kidole cha mwisho kilichopinda, kile kilichobanwa na mlango wa gari siku ya harusi yake na Mwanaidi, naye Shomvi akakifunga mwenyewe kwa leso yake.

"Toeni mikono!" akafoka. "Mnaungua!"

"Mfupa unateleza, baba Tatu," Mwanaidi akajibu bila kugeuka. "Tumeushika."

Hata kugeuka hakugeuka! Wivu ukampanda.

"Piga nyingine," akasema daktari.

Shomvi akainua mguu. Kuwaona tena ilikuwa ni kumchoma mkewe tena. Akangoja mikono itoke. Haikutoka, na mguu ukaanza kushuka kwenye pedali.