Amplifaya ya Pili

Fundi Chambua aliweka amplifaya mbili sakafuni, zote za valvu, zote kaziunda kwa mikono yake. Sekiondo, mpiga gitaa, alisubiri valvu, zile taa za kioo za ndani, zipate moto, kisha akachomeka waya kwenye ya kwanza. Mkewe, Mwanamvua, alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani. Zamani ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi yao. Tangu wamzike binti yao Tunu hakuimba tena, na Sekiondo hakuthubutu kumwuliza.

Sekiondo alipiga wimbo mmoja wa zamani wa bendi, na amplifaya ile ilitoa sauti safi, kila uzi ukisikika peke yake.

"Unaionaje, mama Tunu?" alimwuliza mkewe.

"Nzuri. Ila imepoa mno."

Sekiondo akahamishia waya kwenye ya pili, akapiga wimbo uleule. Hii ilikuwa na mkwaruzo, sauti nzito ya mtu aliyetoka kulia akaamua kuzungumza. Sekiondo hakuipenda. Alikuwa karibu kuacha kupiga aliposikia mvumo nyuma yake. Alidhani ni spika. Kumbe ni Mwanamvua, anaufuatisha wimbo, midomo kaifumba.

Sekiondo hakugeuka, asije akamshtua. Wimbo ulipokaribia mwisho hakuuacha uishe. Aliurudia tangu mwanzo, taratibu zaidi.

"Sasa bwana, unachukua ipi?" fundi aliuliza.

Sekiondo alimtikisia kichwa anyamaze, vidole vikiendelea kutembea juu ya nyuzi, na nyuma yake ule mvumo ukapata neno la kwanza.