Ngiri Amtoa Mwanawe Shimoni

Ngiri alijaliwa mwana asiyeona, akamficha shimoni kwa kuogopa kicheko cha Fisi. Akawa halali, hali, wala haendi kwa majirani.

Siku moja Nungunungu akabisha hodi. "Shoga, lala kidogo. Mtoto nitakushikia mimi."

Ngiri alipoamka akalia, akayasema yote ya moyoni.

"Wangu hasikii," Nungunungu akamwambia. "Nami nilidhani niko peke yangu. Twende mtoni, sote."

Walipotokea, Fisi akaangua kicheko. Ngiri akamkumbatia mwanawe, akapaza sauti: "Huyu ni mwanangu, haoni, na amekuja kunywa maji!"

Swala aliposikia hivyo, akamwita mwanawe anayechechemea atoke kichakani. Pimbi naye akamleta wake. Ukingo ukajaa watoto, kicheko cha Fisi kikamezwa na vigelegele vya mama zao.