Mtakatifu Yosefu Ananuka Tangawizi

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024. Asubuhi hiyo Mpanda iliamka na joto la kukaba koo. Mawingu mazito yalikuwa yamejikusanya upande wa Sitalike, ingawa mvua yenyewe ilikuwa haijadondosha hata tone.

Mama Immaculata, mwenyekiti wa jumuiya, alimnusa Mtakatifu Yosefu, akakunja uso.

"Tangawizi," alisema.

Akamrudisha mezani kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika mkia wa panya aliyekufa. Mbele yake zilikuwa zimepangwa kadi ndogo za watakatifu, zile ambazo mapadre wa zamani waliwagawia watoto siku ya Komunyo ya kwanza. Aliyezileta, Fabrice wa duka la steshenari, alikaa kwenye ukingo wa kiti akipangusa jasho.

Pembeni, juu ya kitambaa cheupe, ililala kadi ya Mzee Yohani. Hiyo haikuwa na ubishi. Mzee aliipata akiwa mtoto, akaitunza ndani ya kitabu cha sala maisha yake yote. Picha ya kadi hiyo ilizunguka kwenye simu za watu mpaka ikamfikia mgeni mmoja, mkusanyaji wa vitu vya kale. Sasa mgeni huyo alikuwa amefikia Sitalike, na jioni angekuja hapa Nsemulwa. Maneno yake yalikuwa mafupi: wakimpa kadi nyingine za kale kama ile, ataezeka kigango chao. Akiona hata moja ya bandia, anageuza gari.

Na kigango hakikuwa na paa. Upepo wa masika yaliyopita uliling'oa, wakabaki wanasali chini ya turubai lililotoboka. Mama Immaculata aliyatazama mawingu kupitia dirishani, akafanya ishara ya msalaba, kisha akamgeukia Fabrice.

"Mwanangu, tulikutuma nini?"

"Kadi za kale, mama mwenyekiti."

"Na hizi ni za kale?"

"Zina rangi ya kale, mama."

"Zina rangi ya chai!"

Dada Faith, katibu wa jumuiya, alishindwa kujizuia. "Tena chai ya jana, iliyolala kwenye chupa. Huyu Yosefu anasubiri andazi tu."

Mzee Yohani mwenyewe, aliyekaa kwenye kona, alicheka mpaka akakohoa. Mama Immaculata hakucheka. Alikuwa amesali rozari nzima kwa ajili ya siku hii, halafu mtu anamletea uchafu huu mezani, mezani pale pale anapowekea Biblia.

Alichukua kioo cha kukuzia.

"Sogea uangalie. Kadi ya babu imegeuka rangi kuanzia ukingoni, ikaingia ndani polepole. Katikati bado kweupe. Karatasi huzeeka hivyo. Yako imeiva kote kote kama chapati. Haya, mtazame Bikira Maria usoni. Unaona nini?"

"Mistari, mama."

"Mistari! Mama wa Mungu amepitiwa na printa kama shamba lililopitiwa na trekta."

Akalamba kidole, akakipitisha kwenye vazi la Bikira. Bluu yote ikahamia kidoleni. Alikitazama kidole kile kana kwamba si chake, akakifuta kwenye leso, akakifuta tena, kisha akaitupa leso yenyewe chini ya meza.

"Yule mgeni ameshika kadi hizi tangu ujana wake," alisema. "Unadhani atadanganywa na chai?"

"Nisamehe, mama."

"Msamaha kaombe kwa padre. Mimi naangalia kazi. Kazi ya kulipua namna hii, unaileta kwa jina la Mungu? Watu wanalowa kila Jumapili, wewe unatuletea takataka! Ungetuaibisha jumuiya nzima."

Fabrice aliinamisha kichwa. Faith alikuwa ameacha utani wake, akawa anazigeuza kadi moja moja kwa ncha ya kalamu, asiziguse. Ghafla akasita.

"Mama mwenyekiti, umeona muhuri wa huku nyuma?"

"Asome mwenyewe," alisema Mama Immaculata. "Kwa sauti."

Fabrice aliigeuza kadi. "Karema, Tanzania, 1958."

Mzee Yohani alivua kofia yake taratibu.

"Mwaka huo nilikuwa nachunga mbuzi huko huko Karema," alisema. "Hiyo Tanzania sikuwahi kuisikia."

"Ungeisikia wapi, babu, wakati haikuwapo?" Mama Immaculata alipiga meza, watakatifu wakaruka. Jambo hilo alilisoma kwenye masomo ya jioni, na lilimkaa kichwani kuliko somo lolote. "Muungano ni mwaka sitini na nne! Sasa huyu padre wako aligonga muhuri au alitoa unabii?"

Nje ngurumo ya kwanza ilisikika, mbali kidogo. Mama Immaculata alifumba macho, midomo ikamchezacheza kwa sala, na alipoyafumbua sauti yake ilikuwa imetulia.

"Simama, Fabrice. Sitaki tena maneno ya chini chini. Ahidi kwa sauti, babu na Faith wakiwa mashahidi."

Fabrice alisimama, akainua mkono wa kuume kama siku ya kipaimara.

"Mbele ya Mungu, mbele yako mama mwenyekiti, mbele ya babu na dada Faith, naahidi: hizi nazichoma zote sasa hivi. Na zile ulizoniagiza nitazichapa upya kabla mgeni hajafika, bila tangawizi, na kwenye muhuri nitaandika Tanganyika."