Picha ya Ukurasa wa Tisa

Kidole cha baba kilisimama juu ya picha, na Petronila akatamani ile ripoti angeiacha chuoni.

Alikuwa amerudi Nyamuswa likizo, akiwa mwaka wa tatu wa digrii ya usimamizi wa ujenzi. Baba yake, fundi mwashi tangu ujana, alikuwa ameomba mwenyewe kuiona kazi iliyompatia binti yake alama A.

Chini ya picha Petronila alikuwa ameandika: "Ukuta uliopasuka kwa sababu ya fundi asiye na elimu." Jina la fundi hakuliweka. Alidhani inatosha.

Baba alisoma polepole, neno kwa neno. Ukucha wa kidole chake ulikuwa na ufa katikati, na ndani ya ufa huo saruji ilikuwa imeganda, saruji ya miaka, ambayo sabuni haikuwahi kuitoa.

"Hili ni jiko la shangazi yako," alisema. "Siku ile nakushikia ngazi, kumbe ulikuwa unapiga hii?"

"Ndiyo, baba. Mwalimu alitaka mfano."

Baba akatikisa kichwa taratibu. Hakuonekana kukasirika.

"Na ulijua kwa nini ulipasuka?"

"Msingi haukwenda chini vya kutosha."

"Mimi nachimbaga hivyo siku zote." Akaifunga ripoti, akafuta jalada kwa kiganja, akamrudishia kwa mikono miwili. "Ungeniambia, mama. Tangu siku ile nimejenga nyumba mbili kwa msingi wa hivyohivyo, na watu wameshahamia."